Dihigo: Kiraka wa Cuba aliyecheza namba zote, akanyimwa ligi moja

KILA shabiki wa soka anamjua kiraka. Leo kocha anampanga beki wa kulia, wiki ijayo yuko kwenye kiungo, na siku straika akiumia anasukumwa mbele akapambane huko. Viraka wengi ni watu wa kuziba pengo tu. Mwenye namba akipona, wao wanarudi benchi.

Martín Dihigo alikuwa kiraka wa aina yake. Huyu jamaa wa Cuba alicheza besiboli ya kulipwa kwa zaidi ya miaka 20 kuanzia mwaka 1922, na popote alipopangwa, mwenye namba alikuwa na kila sababu ya kukosa usingizi. Alirusha mpira, alipiga, alilinda besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na alikimbiza mipira mirefu nyuma kabisa ya uwanja. Akachoka? Wapi. Akaongeza na ukocha juu yake.

Leo jina lake limo kwenye kumbi za heshima za besiboli katika nchi tano: Cuba, Mexico, Marekani, Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Lakini kuna kitu kimoja hakukipata mpaka anaingia kaburini. Hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani.

Uwezo alikuwa nao wa kumwaga. Alikuwa mweusi, na enzi zile hilo peke yake lilitosha.

MTOTO WA MASHAMBA YA MIWA

Dihigo alizaliwa Mei 25, 1906, kwenye eneo la kiwanda cha sukari mkoani Matanzas, kaskazini mwa Cuba. Utumwa katika kisiwa hicho ulikomeshwa mwaka 1886, yaani miaka 20 tu kabla hajazaliwa. Kwenye mashamba ya miwa ya utotoni mwake walikuwapo wazee waliokuwa bado wanakumbuka maisha ya kumilikiwa na mtu mwingine.

Matanzas ni mji wa besiboli haswa. Pale kuna uwanja wa Palmar de Junco, ambako mwaka 1874 ilichezwa mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa kumbukumbu zake nchini humo. Kwa Wacuba mchezo huu ulikuwa zaidi ya burudani. Wakati wa utawala wa Hispania, vijana waliotaka uhuru waliukumbatia na kuupa kisogo mchezo wa wakoloni wa kupigana na fahali. Ukitaka kuelewa besiboli ni nini kwa Mcuba, fikiria soka lilivyo mtaani kwako siku ya dabi.

Kwa shabiki wa soka ambaye hajawahi kuutazama, mchezo wenyewe uko hivi. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Mmoja ni mrushaji, anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani aliyeshika gongo. Nyuma ya mpigaji kuna mdakaji, mwenye kinga usoni na kifuani. Wanne wanalinda eneo la ndani lenye besi tatu na kituo cha nyumbani, na watatu wanasimama mbali nyuma kusubiri mipira mirefu. Mpigaji akiugonga mpira vizuri, anakimbilia besi ya kwanza. Akizunguka besi zote na kurudi nyumbani, timu yake inapata pointi. Mechi nzima ni zamu tisa kwa kila upande.

Kwenye soka kila mtu ana namba yake, na kwenye besiboli hali ni hiyo hiyo, tena imezidi. Mrushaji ni fundi wa kazi moja. Anapumzika siku kadhaa baada ya mechi ili mkono upoe, na kwa kawaida hakuna anayemtegemea kupiga. Kumwona mrushaji bora wa ligi akiwa pia mpigaji bora wa ligi ni sawa na kipa kumaliza msimu akiwa na kiatu cha ufungaji.

KINDA WA HAVANA

Msimu wa 1922-23, Dihigo akiwa kijana wa miaka 16, alianza kuonekana kwenye kikosi cha Habana, moja ya timu kubwa mbili za jiji la Havana. Mpinzani wao wa jadi alikuwa Almendares, na siku timu hizo zikikutana mji mzima uligawanyika, wekundu wa Habana huku na bluu wa Almendares kule.

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu na mkono wa kulia unaorusha kama kombeo. Makocha walimpanga kwanza eneo la ndani, ikiwemo besi ya kwanza na ya pili. Besi ya kwanza ndiyo inayopokea mipira mingi kuliko zote, kwa sababu kila mpigaji lazima apite pale kabla ya kwenda kokote. Anayeilinda anahitaji urefu, mikono laini na utulivu, maana wenzake wanamtupia mipira ya haraka kutoka kila kona, mingine inadunda, mingine inapaa juu ya kichwa. Kwa umbo la Dihigo, ilikuwa kazi ya kuzaliwa nayo.

Tatizo lake lilikuwa kwamba alikuwa mzuri mno kuachwa sehemu moja. Mkono wake ulikuwa na nguvu kiasi kwamba ilionekana hasara kuuweka besi ya kwanza, akasogezwa nyuma uwanjani, kisha akapewa mpira arushe. Miaka michache baadaye hakuna kocha aliyekuwa na jibu moja la namba yake halisi.

WACUBA WAWILI, MWAKA 1923

Mwaka 1923 Dihigo alivuka bahari kwenda Marekani, na hapo ndipo hadithi yake inapoanza kuuma.

Ligi kubwa za Marekani zilikuwa zimewafungia milango wachezaji weusi tangu miaka ya 1880. Hakukuwa na kifungu cha kanuni kilichoandikwa. Yalikuwa makubaliano ya chinichini kati ya wamiliki wa timu, na yaliheshimiwa kuliko kanuni yoyote ya karatasini. Mcuba mwenye ngozi nyeupe aliruhusiwa. Cincinnati Reds walisajili Wacuba wawili mwaka 1911, Armando Marsans na Rafael Almeida, na wote walipita kwa sababu ya rangi zao.

Mwaka huo huo wa 1923 ambao Dihigo alitua Marekani, Mcuba mwingine alikuwa anatikisa Ligi Kuu. Adolfo Luque, mrushaji mzaliwa wa Havana, aliishindia Cincinnati mechi 27 na kupoteza nane. Hadi leo msimu ule unatajwa miongoni mwa misimu mikubwa ya mrushaji kutoka Amerika ya Kusini na Karibiani. Luque alikuwa mweupe. Alivumilia matusi ya mashabiki kwa sababu ya asili yake, lakini jezi aliivaa na uwanjani alishuka.

Dihigo aliingia Cuban Stars, timu ya Alex Pompez, mfanyabiashara wa Harlem mwenye asili ya Cuba aliyejenga jina kwa kuleta vipaji vya visiwani kwenye ligi za weusi. Ligi ya mashariki ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Maisha yalikuwa ya barabarani: safari ndefu, mechi mji mmoja leo na mwingine kesho, hoteli nyingi zisizopokea weusi, na migahawa ambayo chakula ulipewa kwa mlango wa nyuma kama ulikipata kabisa. Kwa kijana wa miaka 17 anayezungumza Kihispania tu, ule ulikuwa mtihani mzito.

Cha kushangaza ni kilichotokea baridi ilipoanza. Marekani uwanja unafungwa, Cuba jua linawaka, na ligi ya Cuba inaanza. Tangu mwaka 1900 ligi hiyo ilikuwa inachezesha weusi na weupe pamoja. Kwa hiyo Luque wa Ligi Kuu na Dihigo wa ligi ya weusi walirudi nyumbani na kukutana kwenye viwanja vile vile, mbele ya mashabiki wale wale. Nyota weupe wa Marekani waliokuja Havana kusaka mkwanja wa msimu wa baridi walimwona kwa macho yao. Msimu ukiisha, wao walirudi kwenye Ligi Kuu na yeye akarudi kwenye mabasi.

KILA TIMU ILIMTAKA

Kati ya mwaka 1923 na 1936 Dihigo alipita timu kadhaa za ligi za weusi. Alirudi Cuban Stars zaidi ya mara moja, akacheza Homestead Grays ya eneo la Pittsburgh mwaka 1928, akaenda Hilldale iliyokuwa na makao karibu na Philadelphia, kisha akapita Baltimore Black Sox. Mwaka 1935 Pompez alipounda New York Cubans, alimrudisha Dihigo akiwa kocha mchezaji.

Wakati huo alikuwa ameshatimiza kile kinachomtofautisha na wengine wote: amecheza namba zote tisa, ingawa udakaji kwa nadra. Watu waliomwona walibishana ni wapi alikuwa bora zaidi. Wengine walisema ni kwenye urushaji. Wengine waliapa hakuna aliyemfikia akiwa nyuma uwanjani, ambako mkono wake uliwafanya wakimbiaji wafikirie mara mbili kabla ya kuondoka kwenye besi.

Kuna simulizi maarufu kuhusu mkono huo. Inasemwa aliwahi kushindanishwa na mcheza jai alai, ule mchezo wa Kibasque wa kurusha mpira ukutani kwa kikapu kirefu kilichofungwa mkononi. Jamaa akarusha kwa kikapu chake, mpira ukaenda kudunda mbali. Dihigo akarusha kwa mkono mtupu na kumpita. Wazee wa Karibiani waliisimulia miaka mingi, na aliyemwona Dihigo akirusha hakuona sababu ya kubisha.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa watu wa besi ya kwanza, watu wanaojua maana ya kuitwa bora. Buck Leonard, aliyeshika besi hiyo kwa Homestead Grays kwa miaka mingi na kuingia Ukumbi wa Heshima, alimweka Dihigo juu ya wachezaji wote aliowahi kuwaona kwa ukamilifu wa mchezo. Johnny Mize, mzungu aliyekuja kuwa nyota wa besi ya kwanza wa Ligi Kuu akiwa na St. Louis Cardinals na New York Giants, aliwahi kucheza naye timu moja Jamhuri ya Dominika. Mize alikuja kusimulia kwamba wapinzani walikuwa wanampa Dihigo besi ya bure kwa makusudi ili wakabiliane na yeye Mize.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mize alimaliza maisha yake ya mpira akiwa na zaidi ya hom rani 350 Ligi Kuu. Kumwogopa mtu mwingine na kumchagua Mize ni kama beki kuamua kumwachia nafasi straika wa timu ya taifa ili amkabe jamaa wa pembeni yake.

MWAKA WA MACHOZI NA KISASI

Mwaka 1935 unaonyesha Dihigo alikuwa binadamu kama wengine, anaanguka na kuinuka.

Kila mwaka ligi za weusi zilikuwa na mechi ya nyota wao jijini Chicago, Mashariki dhidi ya Magharibi, kwenye uwanja wa Comiskey Park. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote kwenye kalenda yao. Dihigo alianza mechi ya 1935 akiwa nyuma katikati ya uwanja upande wa Mashariki. Mechi ikaenda zamu za nyongeza, akaitwa kurusha. Zamu ya 11, akakutana na Mule Suttles, jitu la besi ya kwanza lenye gongo zito. Suttles akautandika mpira ukavuka uzio na wakimbiaji wawili wakiwa kwenye besi. Pointi tatu, mechi imekwisha, Magharibi 11, Mashariki 8.

Hakujaisha. New York Cubans yake iliingia fainali ya ligi dhidi ya Pittsburgh Crawfords, kikosi kilichokuwa na Oscar Charleston, Josh Gibson na Cool Papa Bell. Cubans walitangulia kwenye mfululizo huo na kombe likaanza kunukia. Ilipofika hatua ya kumaliza kazi, kocha Dihigo alimtoa mrushaji wake na kujiingiza mwenyewe. Crawfords wakamgeuzia kibao, wakasawazisha, na mwisho wakabeba taji kwa ushindi wa mechi 4-3. Shabiki yeyote aliyewahi kumwona kocha akifanya mabadiliko dakika ya 85 na kula bao dakika ya 89 anajua lawama zilizofuata.

Mwingine angejificha. Dihigo alirudi Cuba na kuchukua timu ya Santa Clara, akiwa kocha, mrushaji na mpigaji kwa pamoja. Msimu wa 1935-36 alishinda mechi 11 na kupoteza mbili kama mrushaji, akapiga wastani wa .358, na Santa Clara ikawa bingwa.

Namba hizo zinahitaji maelezo kidogo. Kwenye besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi, yaani .300, anahesabiwa kuwa wa daraja la juu. Dihigo alikuwa juu ya hapo huku akibeba mzigo wa mrushaji namba moja na kupanga kikosi. Aliyekuwa analaumiwa miezi michache kabla kwa kujiamini kupita kiasi sasa alikuwa na kombe la kuonyesha.

MEXICO YAMPA UFALME

Mwaka 1937 pochi nene zilifunguka Karibiani. Jamhuri ya Dominika chini ya dikteta Rafael Trujillo iliendesha ligi ambayo mpaka leo inasimuliwa kwa mshangao. Timu ya mji mkuu, uliokuwa umepewa jina la Trujillo mwenyewe, iliwanyakua Satchel Paige, Gibson na Bell kutoka ligi za weusi. Dihigo alikuwa upande wa pili, na Águilas Cibaeñas ya mji wa Santiago. Timu ya mtawala ikashinda ubingwa, na mastaa wakatawanyika.

Dihigo hakukaa bure. Mwaka huo huo alitua Mexico kuichezea Águila de Veracruz, na Septemba 16, 1937, siku Wamexico wanapoadhimisha uhuru wao, aliirushia timu ya Nogales mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufanikiwa kuugonga mpira salama. Ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kutokea katika historia ya Ligi ya Mexico.

Mwaka uliofuata alifanya makubwa kuliko hayo. Kama mrushaji alishinda mechi 18, akapoteza mbili tu, na wastani wake wa pointi alizoruhusu ulikuwa 0.90. Maana yake katika kila zamu tisa alizorusha, wapinzani hawakufikisha hata pointi moja. Halafu akachukua na taji la mpigaji bora wa ligi kwa wastani wa .387. Rudi kwenye ule mfano wa kipa mwenye kiatu cha ufungaji. Mwaka 1938, Dihigo aliufanya kuwa kweli.

Msimu huo pia Paige, mrushaji maarufu kuliko wote wa ligi za weusi, alikuwa Mexico akiwa na mkono unaomsumbua. Wawili hao walikutana, na mechi hiyo bado husimuliwa Veracruz. Walibanana zamu baada ya zamu mpaka Paige akapumzishwa. Zamu ya tisa Dihigo akashika gongo na kuumaliza ubishi kwa hom rani aliyompiga mrushaji aliyeingia badala ya Paige.

Wamexico walimwita El Maestro, yaani mwalimu, fundi. Kwao Cuba alikuwa El Inmortal, asiyekufa. Kwa mchezaji mweusi wa enzi hizo, Mexico ilikuwa na mvuto mwingine mbali na fedha. Alikula mgahawa anaoutaka, akalala hoteli anayoitaka, na gazeti likaandika jina lake ukurasa wa mbele. Ndiyo maana hakuwa peke yake. Nyota kadhaa wa ligi za weusi walifuata njia hiyo hiyo kusini.

Jumla yake katika Ligi ya Mexico ilifika mechi 119 alizoshinda kama mrushaji na 57 alizopoteza, huku wastani wake wa upigaji ukiwa .317. Mrushaji mzuri huridhika na namba za kwanza, na mpigaji mzuri huridhika na hizo za pili. Yeye alikuwa nazo zote mbili.

MLANGO UNAFUNGUKA, YEYE ANA MIAKA 40

Mwaka 1945 alirudi tena New York Cubans akiwa anakaribia miaka 40. Mwaka huo huo, Oktoba, Brooklyn Dodgers walitangaza kumsajili Jackie Robinson. Ukuta uliodumu kwa miongo sita ukaanza kuvunjika.

Kabla ya msimu wa 1947, Dodgers walihamishia kambi yao ya mazoezi Havana. Walitaka kumwepusha Robinson na vurugu za majimbo ya kusini mwa Marekani. Yaani klabu ya Marekani ilikwenda kutafuta utulivu katika jiji ambalo weusi na weupe walikuwa wanacheza pamoja kwa miaka 47. Hata hivyo huko huko Havana, Robinson na wenzake weusi waliwekwa hoteli tofauti na wachezaji weupe wa Dodgers.

Dihigo alikuwa anamalizia msimu wake wa mwisho wa kucheza ligi ya Cuba, 1946-47. Aprili 15, 1947, Robinson aliingia uwanjani Brooklyn akawa mweusi wa kwanza Ligi Kuu katika kizazi hicho. Namba aliyopewa siku hiyo ni besi ya kwanza, ile ile aliyoijua Dihigo tangu akiwa kinda.

Miaka miwili baadaye, 1949, Minnie Miñoso alicheza kwa mara ya kwanza Ligi Kuu akiwa na Cleveland, Mcuba mweusi wa kwanza kuvuka. Miñoso alitoka mkoa ule ule wa Matanzas, na kabla ya hapo alipitia New York Cubans, timu iliyokuwa ya Dihigo. Njia ilikuwa imesafishwa. Kwa Dihigo, goti na bega vilikuwa vimeshasema inatosha.

UKOCHA, SIASA NA KURUDI NYUMBANI

Aliendelea na mpira kama kocha, mwamuzi na mtangazaji wa redio. Mwaka 1951 Cuba ikamwingiza kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli yake.

Machi 1952, Fulgencio Batista alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Dihigo alimpinga na kuondoka nchini, akaishi Mexico, nchi iliyokuwa kama nyumba yake ya pili. Inaelezwa kuwa huko aliwasaidia kwa fedha vijana wa Fidel Castro waliokuwa wanajipanga kurudi Cuba kwa boti ya Granma mwaka 1956. Baada ya mapinduzi ya 1959 alirudi nyumbani, na serikali mpya ikampa kazi ya kufundisha na kuendeleza besiboli.

Cuba aliyoirudia haikuwa na ligi aliyoijua kwa muda mrefu tena. Msimu wa 1960-61 ulikuwa wa mwisho kwa besiboli ya kulipwa. Habana na Almendares zikafa, na mwaka 1962 ukaanza mfumo mpya wa ligi ya wasiolipwa. Vijana wengi waliotaka kulipwa walibaki upande wa pili wa bahari. Mmoja wao, Tony Pérez, alikuwa amesajiliwa na Cincinnati mwaka 1960, akaja kuwa nyota wa besi ya kwanza na kuingia Ukumbi wa Heshima wa Marekani mwaka 2000. Alikuwa mweusi, alitoka kwenye familia ya kiwanda cha sukari, na aling'ara kwenye klabu ile ile iliyomchukua Luque wakati Dihigo anapanda mabasi.

Mexico ilimwingiza Dihigo kwenye ukumbi wake mwaka 1964. Alifariki dunia Mei 20, 1971, Cienfuegos, akiwa na miaka 64, na akazikwa mji wa Cruces alikokuwa anaishi.

HESHIMA ILIYOCHELEWA

Mwaka 1977, miaka sita baada ya kifo chake, kamati maalumu ya ligi za weusi ilimpigia kura aingie Ukumbi wa Heshima wa Cooperstown, New York. Akawa Mcuba wa kwanza kuingia. Bamba lake la shaba linamtaja kuwa nyota aliyeweza kucheza namba nyingi kuliko wenzake wote wa ligi za weusi, mwenye ushindi zaidi ya 260 kama mrushaji. Ligi Kuu ambayo haikumpa hata jaribio la wiki moja ikawa na picha yake ukutani.

Desemba 2020, besiboli ya Marekani ilitangaza kuzitambua ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa na hadhi ya ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi kwenye vitabu vya rekodi. Kwa karatasi, Martín Dihigo sasa ni mchezaji wa ligi kuu ya Marekani.

Lakini mechi nyingi bora alizocheza hazimo humo. Zile 18 za Veracruz hazimo, ubingwa wa Santa Clara haumo, wala misimu yote ya baridi Havana. Alizicheza katika nchi zilizompa nafasi, na anayetaka kuujua ukubwa wake lazima akaufuate huko. Wenye Ligi Kuu walikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kumwita. Walimwona akirusha, wakamwona akipiga, baadhi yao walicheza naye kila baridi ilipoingia, na yeye akarudi kupanda mabasi.